Lenzi za usiku za mtoto zinapoleta shida: uanzie wapi kuangalia, na usimame wapi

Simu za wazazi hunijia nyakati mbili. Alfajiri, lenzi imegoma kutoka na mtoto anachelewa shule. Usiku, lenzi inachoma na mtoto hataki hata kuiona. Katikati ya hapo huja lile la mchana: "Ameanza tena kufinya macho akitazama ubaoni." Nimevalisha watoto lenzi hizi miaka mingi, na kwa haki kabisa makosa mengi hayako kwenye lenzi. Yako kwenye vidole, kwenye maji na kwenye saa za kulala. Kwa hiyo katika kila tatizo hapa chini naanza na hayo, kisha ndipo tuigeukie lenzi yenyewe, ambayo mzazi hawezi kuitengeneza nyumbani hata angekuwa fundi saa.

Kitu kimoja ukielewe kwanza, maana kinaeleza nusu ya yanayofuata. Lenzi hizi ni ngumu, zinapitisha oksijeni, na mtoto asiyeona mbali hulala nazo, akazitoa asubuhi na kushinda bila miwani. Usiku kucha zinasawazisha tabaka la juu kabisa la konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Tabaka hilo lina unene wa maikromita 50 hivi, na kinachosogezwa hakifiki 20. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo. Ndiyo maana uchafu kidogo au lenzi kukaa pembeni kidogo huonekana mchana kutwa. Tena kilichosogezwa hurudi. Mtoto akiacha kuvaa, konea hurejea ilivyokuwa ndani ya siku kadhaa hadi wiki chache.

Ukiona haya, simama

Haya nayatanguliza kwa sababu hayasubiri. Toa lenzi na usiirudishe ikiwa jicho ni jekundu na linauma, mtoto anakwepa mwanga, kuna usaha au matongotongo ya njano yaliyogandisha kope, kuona kumefifia ghafla, au kuna doa jeupe juu ya sehemu yenye rangi ya jicho. Doa hilo laweza kuwa kidonda cha konea. Ni daktari wa macho siku hiyo hiyo, hata kama ni sikukuu.

Ishara ninayoiogopa zaidi ni maumivu yanayoongezeka baada ya lenzi kutoka. Mchubuko mdogo hupoa saa baada ya saa. Maambukizi hupanda.

Nenda na lenzi, kikasha chake na chupa ya dawa ya kusafishia, bila kuviosha, kwa sababu maabara inaweza kuotesha vijidudu kutoka humo ikajulikana ni dawa gani itafaa. Na tafadhali usimtilie matone yaliyobaki ya kaka yake. Yakiwa na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, jicho litaacha kuwa jekundu, ukafurahi, huku kidonda kikichimba chini kwa chini.

Jambo hili ni nadra. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria maambukizi ya konea kuwa takriban 14 kwa kila watoto 10,000 wanaovaa lenzi hizi kwa mwaka. Lakini kovu likishakaa katikati ya konea halina sabuni ya kulifuta. Mlango mkubwa wa maambukizi ni maji. Amiba aitwaye Acanthamoeba anaishi kwenye maji ya bomba, na bakteria wa Pseudomonas wanapenda kikasha chenye unyevunyevu. Lenzi, kikasha na kile kipira cha kunyonyea lenzi wakati wa kuitoa havisuuzwi kwa maji ya bomba, ya kisima, ya chupa, wala yaliyochemshwa. Hilo la yaliyochemshwa naulizwa kila wiki. Jibu ni hapana.

Asubuhi lenzi imeganda, haitoki

Mama mmoja alinipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. "Nimevuta mara tatu, haitoki, sasa analia." Nikamwambia, mama, kile kipira kiweke mezani kwanza. Kinapovuta lenzi iliyoganda, kinavuta na ngozi ya konea. Hapo unaweza kuamka na tatizo dogo ukalala na mchubuko.

Sababu ya kuganda ni ya kawaida. Macho yakifumbwa usiku kucha, machozi chini ya lenzi hupungua na kuwa mazito kama uji, lenzi ikajishika kwenye konea kama bakuli lililofunikwa juu ya meza yenye maji. Karibu kila mtoto hupatwa na hali hiyo kwa kiasi fulani. Dawa yake ni kuifanya ielee, si kuing'oa.

1. Tia matone mawili au matatu ya machozi bandia yaliyoruhusiwa kutumika na lenzi. Mtoto akae, apepese macho, asubiri dakika 5. Saa ukutani, si kukisia.
2. Mwambie atazame juu kisha chini, huku ukiangalia lenzi kwa taa ya pembeni. Ikisogea hata kidogo kila anapopepesa, imeachia. Itoe kama kawaida.
3. Isiposogea, rudia matone. Kisha atazame juu; weka kidole kwenye ukingo wa kope la chini, ubonyeze taratibu kwenye weupe wa jicho, pale ukingo wa lenzi unapoishia. Halafu atazame chini, ufanye vivyo hivyo kwa kope la juu. Unachotafuta ni machozi kupenya chini ya ukingo. Mara nyingi utaona kiputo kidogo cha hewa kikiingia, na hapo lenzi inateleza yenyewe.
4. Kipira kinatumika tu kwa lenzi inayosogea, na huwekwa karibu na ukingo, si katikati.

Nusu saa ikipita na lenzi bado imetulia kama imepigwa gundi, mtoto afumbe jicho hilo lipumzike na mpeleke kwa aliyemvalisha. Ikishatoka, utaona pengine alama ya duara kwenye jicho na mtoto atalalamika kidogo. Alama hiyo hufutika.

Ikitokea mara moja moja, usijali. Ikitokea asubuhi nyingi mfululizo, chunguza kwa mpangilio huu: je, lenzi husuguliwa upande wa ndani, au mnasugua nje tu? Protini za machozi hujijenga ndani, ukiinua lenzi ikiwa kavu kwenye taa utaona utando kama wa maziwa. Je, anatiwa machozi bandia kabla ya kulala na tena anapoamka? Lenzi ina umri gani? Ikiwa imepita mwaka na zaidi, huenda imechoka. Yote yakiwa sawa, lenzi inabana, na hilo ni la mtaalamu: ataibadilisha umbo, wengine huitoboa tundu dogo sana la kupitisha machozi.

Asubuhi anaona vizuri, mchana ukungu

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo lenye majibu mengi.

Kwanza hesabu siku. Wiki ya kwanza kuona hupungua kila alasiri, ndivyo inavyotakiwa kuwa, kwa sababu konea bado inajifunza umbo jipya. Watoto wengi hutulia ndani ya siku 7 hadi 10, wenye namba kubwa ya miwani huchukua mpaka mwezi. Kipindi hicho mtaalamu humpa miwani hafifu au lenzi laini za kutupa za mchana. Mzazi anayenipigia siku ya tatu nampa pole na tarehe ya kurudi.

Akiwa amepita hapo, uliza usingizi. Lenzi zinataka saa 7 hadi 8 ndani ya jicho lililofumbwa. Saa za kitandani na simu hazihesabiwi, na wala lenzi zilizovaliwa saa mbili usiku hazimsaidii aliyelala saa tano. Karibu na mitihani malalamiko haya huongezeka, na wazazi hushangaa nikiwauliza habari ya kulala badala ya kuangalia lenzi.

Usingizi ukiwa wa kutosha, angalia kama lenzi zimebadilishana. Kila jicho lina yake, na lenzi ya kulia kushotoni huleta fujo ambayo haieleweki: jicho moja linaona, jingine halioni, kesho kinyume chake. Nyingi hupewa rangi mbili au kitone. Soma karatasi uliyopewa ujue ipi ni ipi. Kinga yake ni tabia: kulia kwanza, siku zote, kuvaa, kutoa na kuosha, na usifungue vifuniko viwili vya kikasha kwa wakati mmoja. Mkigundua zimebadilishana, zirudisheni mahali pake usiku unaofuata na muyape macho siku chache.

Halafu kuna kiputo. Lenzi ikivaliwa na hewa chini yake, sehemu hiyo haisawazishwi, na asubuhi konea huwa na vishimo vidogo kama ngozi ya chungwa. Suluhisho ni mkao. Laza kioo mezani. Mtoto ainamishe uso mpaka uwe sambamba na meza. Jaza bakuli la lenzi matone mpaka yavimbe juu ya ukingo, kisha lenzi ipande kuelekea jichoni bila kumwaga, hata tone la mwisho litaning'inia na kudondokea kioo. Wakimvalisha akiwa amelala chali, matone humwagika na hewa hubaki. Kwa mtoto mdogo nimeona kioo cha mezani kikimaliza tatizo la miezi miwili.

Yote hayo yakishindikana, sababu zinabaki tatu, nazo si za nyumbani. Lenzi imepinda: hutokea ukiisugua kati ya vidole viwili badala ya kuilaza kiganjani, nawe huwezi kuiona kwa macho. Lenzi haikai katikati. Au namba ya mtoto imepanda, na lenzi ya mwaka jana haimtoshi. Mtaalamu atapiga ramani ya konea na kulinganisha na ile ya mwanzo. Usiende bila lenzi, na muulize ukapime asubuhi au alasiri, kwa kuwa tatizo la saa tisa halionekani saa tatu.

Taa zina miale, herufi zina kivuli

Mtoto husema "naona herufi mbili moja imefifia" au taa za magari zinamtia kiwi. Wiki za mwanzo ni kawaida, hasa usiku, mboni ikipanuka kupita eneo lililosawazishwa. Mwenye mboni kubwa au namba kubwa huenda akabaki na miale kidogo daima, na ni vizuri mtaalamu awe amekwambia mapema.

Ikianza ghafla baada ya miezi ya amani, shuku lenzi kuhama. Kope linalobana na kulala kifudifudi huisukuma. Kwenye ramani ya konea lenzi iliyopanda juu huacha umbo kama tabasamu, na iliyobana mno huacha kisiwa katikati ambacho hakikusawazishwa. Wewe nyumbani unaweza kubadilisha mto na mkao wa kulala, ukatazama kama asubuhi, kabla ya kuitoa, lenzi iko katikati ya rangi ya jicho. Piga picha kwa simu kwa siku tatu. Picha hizo humsaidia mtaalamu kuliko maelezo. Zaidi ya hapo, acha. Hakuna kusukuma lenzi mahali pake kwa kidole kila usiku. Ikihitaji hivyo, haimfai.

Inachoma au inakwaruza ikivaliwa

Tenganisha kuchoma na kukwaruza, kwa kuwa sababu zake ni tofauti.

Kuchoma ni kemikali. La kawaida ni sabuni au mafuta vidoleni: nawa kwa sabuni isiyo na manukato, suuza, kausha kwa taulo lisilotoa nyuzi, maana hata tone la maji ya bomba vidoleni lisifike kwenye lenzi. La hatari ni peroksaidi. Dawa hiyo husafisha vizuri sana, lakini lazima ikae na kidude chake cha platinamu kwenye kikasha maalumu kwa saa 6 au zaidi mpaka igeuke maji na oksijeni. Ikiingia jichoni kabla ya hapo inaunguza hasa. Chupa nyingi huwekwa ncha nyekundu kwa ajili ya onyo hilo, na bado kila mwaka kuna anayesuuzia lenzi kutoka humo dakika ya mwisho. Ikitokea: toa lenzi mara moja, osha jicho kwa wingi kwa maji ya chumvi ya dawa, mpigie daktari, na usiku huo hakuna lenzi.

Kukwaruza ni kitu kigumu: unywele wa kope, uzi, au ukingo uliovunjika. Toa, suuza kwa dawa yake, ikague ukingo wote mbele ya taa, rudisha mara moja tu. Ikikwaruza tena, basi, mtoto alale bila. Lenzi yenye ufa au ukingo uliobanjuka haivaliwi hata usiku mmoja, haijalishi imegharimu kiasi gani.

Kuna na kukwaruza kusikoisha kwa mtoto mpya. Kuna kulia kwa woga pia, na mzazi anamjua mwanawe. Macho yakifumbwa, lenzi nzuri karibu haisikiki. Anayelia bado akiwa amefumba macho dakika 10 ana sababu.

Asubuhi lenzi haionekani

Haiwezi kupotelea nyuma ya jicho. Ngozi laini ya ndani ya kope imefunga njia hiyo. Tafuta kwanza chini ya kope la juu, kwenye kona ya nje: mtoto atazame chini kabisa, uinue kope. Kisha foronya, halafu sakafu. Ukiikuta kwenye weupe wa jicho, tia matone na uisogeze kupitia kope, usiitoe huko kwa kipira. Iliyookotwa sakafuni isafishwe na kulazwa kwenye dawa mzunguko mzima kabla ya kurudi jichoni.

Anaona vizuri, ila jicho linazidi kurefuka

Hapa mzazi haoni dalili yoyote. Lengo la lenzi hizi kwa mtoto si kuona ubao tu, ni kupunguza kasi ya jicho kurefuka, jambo linalozidisha kutoona mbali, kwa hiyo kipimo cha haki ni urefu wa jicho kwa milimita kila miezi 6. Kuona vizuri kunaweza kukuficha ukweli.

Usitarajie sifuri. Katika utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2012, watoto wa miaka 6 hadi 10 waliovaa lenzi za usiku macho yao yalirefuka milimita 0.36 kwa miaka 2; wenzao wa miwani milimita 0.63. Yaani kasi ilipungua kwa asilimia 43, haikusimama.

Kipimo kikizidi matarajio, hesabu kwanza usiku alizoruka. Nyingi hazisemwi mpaka uulize kwa upole. Kisha muda wa nje mchana na muda wa kitabu au simu karibu na pua. Baada ya hapo daktari ana njia mbili: kupunguza ukubwa wa eneo la katikati la lenzi, au kuongeza matone ya atropini ya nguvu ndogo. Usiamue mwenyewe kuacha kwa sababu "hazisaidii". Mtoto mdogo akikatiza ghafla, jicho huweza kurefuka kwa kasi zaidi kuliko alipokuwa amevaa.

Usiku wa kupumzika

Homa, mafua makali, jicho jekundu, au mtoto aliyelala kwenye gari mikono michafu: usiku huo lenzi zibaki kwenye kikasha. Usiku mmoja hauharibu kazi ya mwaka. Kesho yake usimpe miwani yake ya zamani, itakuwa kali mno kwa kuwa konea bado imesawazika. Mpe ile hafifu, au akae dawati la mbele.

Lenzi zikikaa siku kadhaa bila kuvaliwa, dawa ya ndani imwagwe na zianze mzunguko mpya wa kusafishwa kabla ya kuvaliwa, hasa kwa wanaotumia peroksaidi, kwani ikishageuka maji haiui tena kijidudu chochote. Kikasha nacho: suuza kwa dawa, kipindue kikauke wazi, na kibadilishe kila mwezi hadi miezi mitatu. Akiwa amekaa zaidi ya wiki bila kuvaa, mpigie mtaalamu kwanza. Pengine atataka kumwona asubuhi ya pili.